Bagi, pikapu au nitro: gari la kwanza la rimoti kwa anayetaka kushindana

Mpwa wangu wa Tanga alinitumia picha tatu WhatsApp saa nne usiku. Ya kwanza ni pikapu yenye bodi pana inayofunika matairi yote. Ya pili ni bagi, iko chini kama mjusi, matairi nje, bawa mgongoni. Ya tatu nayo ni bagi, lakini kubwa, ya injini ya mafuta, yaani nitro, ekzosi imetokeza ubavuni. Shikamoo ilikuja baada ya picha, ikifuatwa na neno moja: "Ipi?"

Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza: likivunjika Jumamosi, Jumapili utalitengenezaje? Akadhani namkwepa.

Mimi naishi Uingereza, na gari langu la kwanza nililinunua kwa sura. Lilikuwa bagi ya bluu, chapa yake sitaitaja. Nikalipeleka klabu, kwenye ukumbi wa shule uliotandikwa zulia, kona zimepangwa kwa mabomba ya plastiki. Mzunguko wa pili tu nikalikita kwenye bomba, mkono wa mbele wa kushoto ukakatika pale pale inapopita pini. Wenzangu wakafungua masanduku yao. Karibu kila mmoja alikuwa na mikono ya akiba, na walikuwa tayari kunipa bure, ila hapakuwa na hata mmoja uliolingana na gari langu. Nilisubiri wiki tano kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole. Wiki hizo nilienda klabu kuokota magari ya wengine yaliyopinduka. Kazi hiyo kila dereva huifanya kwenye raundi inayofuata baada ya kumaliza yake; mimi niliifanya usiku kucha.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia kwenye spea. Kasi tutaifikia.

Kabla ya yote, tutenganishe midoli

Magari mengi ya rimoti yanayouzwa maduka ya midoli yana usukani wa kushoto kabisa, kulia kabisa, au katikati basi. Ukibonyeza, tairi zinakunja mpaka mwisho. Gari la mashindano linafuata kidole: ukizungusha gurudumu la rimoti kidogo, tairi zinakunja kidogo. Moto nao ni hivyo hivyo, unavuta kifyatuo taratibu na gari linaondoka taratibu. Tofauti ya pili ni kwamba gari la mashindano hufunguka lote kwa bisibisi na spana, na kila kipande ndani yake kina namba ya kuagizia. Ukiona gari linasifiwa kwa kilomita kwa saa na taa za rangi, na muuzaji hana namba ya mkono wa mbele, mwachie.

Ukubwa hutajwa kwa kulinganisha na gari halisi. Moja kwa kumi ndiyo saizi ambayo klabu nyingi zinaanzia, na ndiyo ya picha mbili za kwanza. Moja kwa nane ni kubwa na nzito zaidi, ndiyo ile ya tatu.

Pikapu na bagi ya magurudumu mawili

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa. Magurudumu mawili maana yake gari lina matairi manne, ila mota inasukuma ya nyuma tu.

Pikapu hizi zimeigwa kutoka kwenye mashindano ya Marekani ya magari makubwa kwenye njia fupi za udongo zenye matuta. Iliyozifanya ziwe gari la kila mtu ni Traxxas Slash, iliyotoka mwaka 2008: moja kwa kumi, mota moja inayosukuma matairi ya nyuma, inauzwa ikiwa imeshaunganishwa pamoja na rimoti yake. Bodi ni pana kuliko matairi, na mbele na nyuma kuna bampa nene za plastiki. Magari mawili yakisuguana kwenye kona, bodi zinagusana na kila mmoja anaendelea na safari. Bagi matairi yake yako wazi. Tairi la mwenzio likipanda juu ya lako, moja kati ya mawili hayo linarushwa hewani, na kinachopokea kipigo ni mkono.

Lakini bodi hiyo pana ina gharama yake. Ukiruka tuta kwa kasi, hewa inaingia chini yake na kuifanya mwavuli: pua inainuka, gari linaelea, linatua kwa makalio. Ndiyo maana utaona madereva wengi wa pikapu wametoboa matundu makubwa kwenye bodi, upepo upite. Pia ziko juu. Kwenye vumbi zinateleza kwa raha, karibu kama dansi. Kwenye zulia au nyasi bandia, ambako tairi inang'ang'ania, hupinduka ukikunja ghafla.

Bagi ni kilo moja na nusu hivi, iko chini, na kila kitu ndani yake kimewekwa kwa ajili ya kona. Ukifungua shokapu unakuta mafuta ya silikoni na pistoni yenye vitundu; ukibadilisha uzito wa mafuta, gari linatua tofauti. Unaweza kusogeza pembe ya tairi kwa nyuzi moja na ukaiona tofauti kwenye saa. Kwa anayependa kuchokonoa, hii ni pepo. Kwa mgeni inaweza kuwa mtego. Nimeona watu wakibadilisha springi wiki nne mfululizo, na tatizo lilikuwa kidole cha kulia kinachovuta moto kabla kona haijaisha.

Kwa udongo wetu kuna jambo moja ambalo tangazo la dukani halitalisema. Bagi nyingi za kisasa za magurudumu mawili hubeba mota katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu njia nyingi za mashindano siku hizi ni zulia, nyasi bandia au udongo ulioshindiliwa ukawa kama sakafu. Njia za miaka ya themanini zilikuwa vumbi, na RC10 ya Team Associated, iliyotoka mwaka 1984 na kuwa mama wa bagi za Kimarekani, ilikuwa na mota nyuma kabisa, uzito wote umekalia tairi zinazosukuma. Mtu wa Tanga, Dodoma au Machakos anayekwenda kukimbiza kwenye kiwanja cha vumbi akiagiza bagi iliyotengenezwa kwa zulia la Ulaya, atashangaa kila akivuta moto gari linageuka kumtazama. Gari halina ubovu wowote, limepelekwa mahali ambapo si pake.

Matairi ni vivyo hivyo. Kwenye nyasi bandia hapa Uingereza wengi hufunga tairi zenye vipini vidogo vidogo vilivyosongamana, na kuna aina ya njano ya tairi za kampuni ya Schumacher ambayo ukikosa kuiona mezani, basi klabu imefungwa. Peleka tairi hizo kwenye changarawe na mwisho wa wiki ni vipara. Vumbi linataka meno marefu yaliyoachana. Kumbuka pia kuwa tairi za mashindano hugundishwa kwenye rimu kwa supaglu. Ukisahau, kwenye kona ya kwanza ya kasi tairi inavuka rimu na kujikunja kama soksi.

Kwa hiyo nikiziweka ubavu kwa ubavu: aliye na klabu yenye njia maalumu, na klabu hiyo inakimbiza bagi, achukue bagi, hata ya mkono wa pili. Mimi ya pili nililipa pauni 90 kwa mzee mmoja aliyekuwa akihamia daraja lingine, na akanipa mfuko wa spea juu yake. Asiye na klabu, au mwenye kiwanja cha vumbi na mawe na rafiki wawili, achukue pikapu. Itavumilia ujinga wa miezi mitatu ya mwanzo, na ujinga huo hakuna aliyeukwepa.

Magurudumu manne?

Wengi huuliza kwa nini wasianze na gari linalosukuma matairi yote manne, kwani halitelezi. Ni kweli linatoka kwenye kona kama limefungwa kamba. Ila lina difu mbele na nyuma, na wakati mwingine ya tatu katikati, shafti zaidi au mikanda, na beringi zaidi za kuingia vumbi. Likisimama, una sehemu mara mbili za kutafuta kosa. Tena linakufichia makosa ya mkono: unavuta moto vibaya, lenyewe linasamehe. Tangu mashindano ya kwanza ya dunia ya saizi hii, yaliyofanyika Del Mar, California mwaka 1985, magurudumu mawili na manne yamekuwa madaraja mawili tofauti, na madereva wazuri hukimbiza yote mawili. Masami Hirosaka wa Japani, mwenye mataji 14 ya dunia, alikuwa na mkono wa kuyamudu yote. Wewe anza na mawili, manne yatakuja.

La kuunganisha mwenyewe, au lililo tayari

Mwanzoni nilikuwa mkali hapa, nikisema kila mtu aunganishe lake. Nimelegea.

Seti ya kuunganisha ya Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani, ni furaha isiyo na mfano kwa jioni tatu nne. Maelekezo ni michoro, na kila mfuko wa skrubu una herufi yake. Bagi zake za zamani kama Grasshopper na Hornet, zote za mwaka 1984, zilirudishwa sokoni baada ya miaka ishirini na bado zinapendwa. Ukimaliza kuunganisha unajua kila nati iko wapi, na likivunjika huna hofu ya kulifungua. Lakini ni magari ya kufurahia uani. Kwenye ukumbi wa klabu utakuwa wa mwisho, na utakuwa unacheka, jambo ambalo si baya. Kagua pia ndani: seti za bei ya chini mara nyingi huja na bushi za plastiki mahali pa beringi. Beringi za kweli ndizo matumizi ya kwanza yenye maana, kabla hujafikiria mota ya kasi.

Gari lililo tayari linakuingiza uwanjani siku hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba likivunjika mara ya kwanza unalitazama kama saa ya ukutani iliyoanguka. Dawa yake rahisi: kabla hujalikimbiza, lifungue upande mmoja wa nyuma, toa tairi, toa shokapu, toa mkono, rudisha. Saa nzima itakwenda. Ukifika kwenye gia ndogo ya mota na ile kubwa inayosukumwa nayo, weka kikaratasi cha daftari katikati yake, zibane pamoja, kaza mota, kisha zungusha karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Zikibanana mno mota inachemka. Zikiachana, meno yananyolewa, na mlio wake utausikia mpaka ndotoni.

Nitro

Picha ya tatu ya mpwa wangu ndiyo iliyompendeza, najua, kwa kuwa aliituma mara mbili.

Namwelewa. Bagi ya moja kwa nane ya nitro ina injini ya sentimita za ujazo 3.5 inayozunguka zaidi ya mara elfu thelathini kwa dakika, na mlio wake unakusimamisha nywele. Fainali za mashindano makubwa huenda saa nzima, na gari linaingia kujaza mafuta kila baada ya dakika chache, fundi analidaka, anajaza, analirusha njiani. Tangi ni mililita 125 tu.

Sasa tazama upande wa pili. Mafuta yake si petroli ya kituoni. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na hutayaagiza kwenye begi la mtu anayetoka Dubai, kwa sababu ndege hairuhusu kabisa. Injini mpya inatakiwa kuzoeshwa kwa matangi kadhaa, taratibu, kabla ya kuivuta. Kabureta ina sindano za kurekebisha kasi ya juu na ya chini, na asubuhi ya baridi haina mpangilio sawa na mchana wa jua. Ukiipa mafuta kidogo mno, itakimbia vizuri ajabu kwa dakika tano, kisha itakufa moja kwa moja. Kuwasha kwenyewe kunahitaji kifaa cha kupasha plagi moto na sanduku la kuzungushia injini. Na majirani wako, ambao leo wanakusalimia.

Mwenye fundi wa nitro karibu yake, na njia iliyo mbali na watu, aende. Wengine wote, umeme. Siku hizi hata bagi za moja kwa nane ziko za umeme, kwa hiyo ukubwa hautaukosa.

Betri, mahali ambapo sipendi mzaha

Betri za NiMH (za nikeli) za volti 7.2 ni nzito, nguvu yake inashuka polepole kadiri unavyokimbia, na zinavumilia kusahauliwa kabatini. Betri za lipo (lithiamu-polima) za seli mbili, volti 7.4, ni nyepesi na zina nguvu ile ile karibu mpaka mwisho. Anayeshindana atatumia lipo. Lakini lipo ina masharti kama ya mganga. Ikijaa ni volti 8.4, yaani 4.2 kila seli. Isishuke chini ya 3 kwa seli. Ukiiweka wiki nzima bila kuitumia, iache kwenye 3.8 hivi kwa seli. Chaja iwe ya lipo, yenye kusawazisha seli, na kwa betri ya mAh 5000 chaji kwa ampea 5. Iweke juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na godoro na pazia, na usiondoke nyumbani. Ikivimba kama andazi, kazi yake imekwisha.

Kabla ya safari ya kwanza hakikisha pia kiboksi kinachopeleka umeme kwenye mota kimewekwa kwenye hali ya lipo, ili kikate moto betri inapopungua. Viboksi vingine huja vikiwa vimewekwa kwa NiMH. Hapo ndipo betri nyingi za wageni hufia.

Na kwa wanaoagiza kwa mtu anayesafiri: betri za akiba za lithiamu haziendi kwenye begi la kupakiwa. Zinakaa mkononi na abiria, ncha zimezibwa tepu. Kikomo kisichohitaji ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100. Ile ya volti 7.4 na mAh 5000 ni wati-saa 37, iko salama. Mwambie mbebaji mapema, asije akaanza kubishana kaunta.

Kuhusu mota sitasema mengi. Ya brashi ni ya bei nafuu na brashi zake huisha. Isiyo na brashi inadumu na inakwenda mbali zaidi kwa chaji moja. Zote mbili zina kasi kuliko mkono wako wa sasa. Baadhi ya magari yana hali ya mazoezi inayopunguza nguvu hadi nusu, Slash ya kawaida ni mojawapo, na ukimpa mtoto wa jirani ajaribu utafurahi kuwa ipo. Rimoti za mashindano za sasa karibu zote ni za gigahertz 2.4, kwa hiyo ule ugomvi wa zamani wa watu wawili wenye kristali (kipande kinachochagua masafa ya redio) ya aina moja na gari moja kuchukuliwa na rimoti ya mwingine umekwisha.

Nilimwambiaje

Kwake, Tanga, bila klabu, na kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba: pikapu ya magurudumu mawili, iliyo tayari, ya umeme. Pamoja nayo, kwenye oda hiyo hiyo, jozi mbili za mikono ya mbele, jozi moja ya nyuma, gia kubwa ya akiba, na tairi za vumbi. Pesa zikipungua, apunguze kwenye gari na asiguse orodha ya spea. Ufukweni asilipeleke hata kwa picha. Chumvi na mchanga vinamaliza beringi kwa jioni moja.

Angekuwa Leicester au Birmingham ningemwambia aende klabu kwanza mikono mitupu, aangalie meza kumi, ahesabu chapa ipi imerudiwa zaidi, anunue hiyo. Wako wanaouza kila wiki. Ile ya bluu isiyo na ndugu ukumbini aiache, hata ikiwa imeng'aa.

Aliridhika na nusu. Akauliza njia ya mashindano ataipataje. Nikamwambia mpira wa zamani wa kumwagilia maji, uliokatwa vipande na kushikizwa kwa misumari iliyopinda, unatosha kuchora kona, na milundo miwili ya udongo iliyoshindiliwa kwa maji ni matuta. Asimame sehemu moja, juu ya meza au ukuta mfupi, asilifuate gari kwa miguu. Kwenye mashindano madereva wote husimama jukwaani, na shida kubwa ya mgeni iko hapo: gari likienda mbali nawe, kushoto ni kushoto, likirudi kukuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako, na kidole hakijui.

Juzi kanitumia video. Pikapu inaondoka vizuri, inapita kona ya kwanza, inaruka tuta na kutua kwa makalio kama nilivyosema. Inageuka kurudi, na hapo inaanza kuyumba, inaacha njia, inakwenda moja kwa moja kwenye mgomba. Anayeshika simu ni dada yangu, mama yake, anasikika akipiga kelele: "Geuza! Huko siko, upande wa pili! Wa pili!"